Ukuta wa Mshipa: Kwa Nini Presha Haipigi Hodi

(Haya ni mazungumzo ya muuguzi wa zahanati ya misheni kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, katika ukumbi wa parokia. Tumeyachapa ili yasomwe kwa sauti katika mikutano ya vikundi. Maswali ya kujadili yako mwishoni.)

Nimeombwa niseme juu ya presha. Lakini sitaanza na dawa, wala sitaanza na chumvi. Nitaanza na swali ambalo niliulizwa na mama mmoja, nami nikashindwa kulijibu.

Mama huyu alikuwa mweka hazina wa kikundi chake. Alipimwa presha, ikakutwa iko juu, akapewa dawa. Alimeza kwa miezi minne hivi, akajisikia vizuri, akaacha. Siku moja nikakutana naye sokoni. Nikamwuliza, "Mama, mbona hatukuoni kliniki?" Akanijibu, "Sista, mimi nilishapona. Hakuna mahali panaponiuma. Nimeze dawa ya nini, na pesa hizo ni karo ya mtoto?"

Lile lilikuwa swali la mtu mwenye akili. Mtu haendi kununua dawa ya mahali pasipouma. Na mimi nilimjibu nini? Nilimwambia tu, "Lakini daktari amesema umeze." Hilo si jibu, wapendwa. Hiyo ni amri. Baada ya kama mwaka mmoja, asubuhi, mkono wake wa kulia ulikataa kushika kikombe, na maneno yakawa yanamtoka kama ya mlevi. Ilikuwa kiharusi. Amenipa ruhusa niwaeleze habari yake bila kumtaja jina. Aliniambia, polepole kwa sababu ulimi bado ni mzito, "Waambie kile ambacho hukuniambia mimi."

Basi leo nimekuja kulipa deni. Nitawaambia jinsi mshipa wa damu ulivyojengwa, mpaka zile sehemu ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona. Ukishaelewa ukuta wa mshipa, utajua mwenyewe kwa nini presha haiumi, na kwa nini haifai kungojea mpaka iume.

MABOMBA YALIYO HAI

Wengi wenu mmechimba mtaro wa mradi wa maji. Mnajua mpango wake. Kuna tangi au pampu, kuna bomba kubwa linalotoka pale, halafu mabomba yanagawanyika yakizidi kuwa membamba, mpaka mfereji wa nyumbani kwako.

Mwili nao una mpango wa namna hiyo. Moyo ndio pampu. Mtu mzima ana kiasi cha lita 5 za damu, na akiwa amekaa tu amepumzika, moyo wake husukuma karibu lita 5 kwa dakika. Maana yake ni kwamba kila dakika moyo unasukuma damu nyingi kama ile yote uliyo nayo. Kwa siku nzima hupiga mara 100,000 hivi. Hakuna pampu ya dizeli katika wilaya hii iliyofanya kazi hivyo kwa miaka 60 bila kuzimwa.

Mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni huitwa ateri. Mishipa inayorudisha damu moyoni huitwa vena. Hiyo ya rangi ya kijani mnayoiona nyuma ya mkono ni vena. Ile inayodunda hapa kwenye kifundo cha mkono ni ateri. Hebu kila mtu ajishike hapo. Umeisikia? Hiyo ndiyo nguvu ya moyo inayofika kwenye ukuta wa mshipa. Nguvu hiyo ndiyo tunayoiita presha. Kwa hiyo kila mtu ana presha, na asiye nayo amekufa. Shida ni presha ikizidi.

Zamani watu hawakujua kwamba damu inazunguka. Mwaka 1628 daktari mmoja wa Uingereza, William Harvey, alichapa kitabu akaonyesha kwamba damu inatoka moyoni na kurudi moyoni. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuweza kulionyesha. Damu inatoka vipi katika ateri ikaingia katika vena? Aliiona njia ya kwenda na njia ya kurudi, lakini daraja hakuliona. Alikufa mwaka 1657 bila kuliona. Mwaka 1661 Mwitaliano aliyeitwa Marcello Malpighi alichukua pafu la chura, akaliweka chini ya hadubini, yaani kile chombo cha kukuza vitu vidogo. Ndipo akaona vijishipa vyembamba sana vinavyounganisha ateri na vena. Hivyo ndivyo tunaviita kapilari.

Mfano wa bomba unatufikisha hapo tu. Bomba la plastiki halina uhai. Ukilizika ardhini linabaki vilevile mpaka lipasuke. Mshipa wa damu ni nyama iliyo hai. Unakula, unapumua, unajikaza na kujilegeza, unajitengeneza ukijeruhiwa. Tena unaweza kuugua kama kiungo kingine chochote.

UKUTA WENYE TABAKA TATU

Sasa tuchukue ateri tuikate kama unavyokata muwa, tutazame ule mviringo kwa hadubini. Tutaona ukuta wenye tabaka tatu.

Tabaka la kwanza ni la ndani kabisa, lile linaloguswa na damu. Ni utando laini sana wa seli bapa, zimepangwa kama vigae vya sakafu. Zimepangwa safu moja tu. Wataalamu huuita endotheli. Sisi tuuite utando wa ndani.

Tabaka la pili ni la katikati. Hapa pana misuli, lakini si misuli kama ya mkono ambayo unaiamuru. Hii hufanya kazi yenyewe hata ukilala. Imeuzunguka mshipa kama pete. Ikijikaza, njia inakuwa nyembamba. Ikilegea, njia inapanuka. Pamoja na misuli hiyo kuna nyuzi zinazovutika kama mpira wa manati. Moyo ukipiga, ateri kubwa inapanuka kidogo kuipokea damu. Moyo ukipumzika, ateri inarudi na kuisukuma damu mbele. Ndiyo sababu damu haikatiki katikati ya pigo na pigo.

Tabaka la tatu ni la nje. Ni nyuzi ngumu, kama kamba ya katani, zinazouzuia mshipa usipasuke na kuushikilia mahali pake. Katika ateri zile kubwa, tabaka hili lina mishipa yake midogo sana ya damu. Mnaona ajabu hiyo? Ukuta wa mshipa ni mnene hata unahitaji mishipa mingine ya kuulisha.

Kwa miaka mingi wataalamu walifikiri ule utando wa ndani ni kama plasta tu ya ukutani, kazi yake ni kuwa laini ili damu ipite vizuri. Mwaka 1980 mtaalamu wa Marekani, Robert Furchgott, pamoja na mwenzake walieleza jambo lililowashangaza wengi. Walikuwa wakipima ateri za sungura. Dawa fulani ilikuwa inaulegeza mshipa, lakini mara nyingine haikuulegeza. Wakagundua tofauti iko wapi. Pale ambapo utando wa ndani ulikwanguliwa wakati wa kuandaa mshipa, ulegezaji haukutokea. Pale utando ulipokuwa mzima, mshipa ulilegea.

Kumbe utando ule unatoa amri! Baadaye ikajulikana kwamba unatengeneza hewa fulani, kidogo sana, inayoitwa nitriki oksaidi, na hewa hiyo inapenya mpaka kwenye misuli na kuiambia ilegee. Kwa kazi hiyo Furchgott na wenzake wawili, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Basi shikeni neno hili kabla hatujaendelea. Utando wa ndani ni mwembamba kiasi cha seli moja tu, lakini ndio unaosaidia mshipa kulegea, ndio unaozuia damu isigande ndani ya mshipa, na ndio unaochagua kitu gani kipite ukutani na kitu gani kisipite. Ukiharibika, mengine yote yanafuata.

MIFEREJI MIDOGO NA SOKO

Ateri kubwa kuliko zote, ile inayotoka moyoni, ina upana wa sentimita 2 na nusu hivi. Ateri zinagawanyika, zikawa ndogo, zikawa ndogo zaidi, mpaka zinafika zile ndogo kabisa ambazo ukuta wake karibu wote ni misuli. Hizo ndizo mifereji ya kufungua na kufunga. Ukiwa unalima, mifereji ya miguu na mikono inafunguka. Ukishakula ugali, ya tumbo inafunguka. Asubuhi ya baridi, ya ngozi inafungwa ili joto lisipotee. Hakuna mradi wa maji wenye mwangalizi mwaminifu namna hiyo.

Na hapo ndipo presha ya mwili mzima inapoamuliwa kwa sehemu kubwa. Mnajua wenyewe, mifereji mingi ikifungwa, presha ya bomba kubwa inapanda. Mwilini ni vivyo hivyo. Ateri hizi ndogo zikijikaza zikabaki zimekaza, presha inapanda huko nyuma katika ateri kubwa, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi.

Baada ya mifereji hiyo, damu inaingia katika kapilari. Upana wa kapilari ni kati ya sehemu 5 na 10 za elfu moja za milimita. Ukichukua unywele mmoja wa kichwa, unaweza kupanga kapilari kama 8 sambamba juu ya upana wake. Chembe nyekundu ya damu nayo ina upana wa sehemu 7 au 8 za elfu moja za milimita. Kwa hiyo zinapita moja moja, kama watu kwenye daraja la mti mmoja, na mara nyingine chembe inalazimika kujikunja ili ipite.

Kapilari haina tabaka la misuli wala kamba za nje. Imebaki na ule utando wa ndani peke yake, safu moja ya seli. Kwa nini Mungu aliiumba nyembamba hivyo? Kwa sababu hapo ndipo soko lilipo. Hewa safi na chakula vinatoka katika damu kwenda kwa nyama ya mwili, na uchafu unaingia katika damu upelekwe nje. Ukuta ungekuwa mnene, biashara hiyo isingewezekana.

Lakini ukuta mwembamba hauwezi kubeba presha kubwa. Katika ateri ya mkono wa mtu mzima mwenye afya, presha ni kama 120 moyo ukipiga na 80 ukipumzika. Ikifika mwanzo wa kapilari imeshapunguzwa mpaka 35 hivi, na mwishoni 15 hivi. Ile mifereji midogo ndiyo iliyoipunguza. Ndiyo walinzi wa soko.

Kutoka hapo damu inakusanyika katika vena ili irudi. Ukuta wa vena una tabaka zile zile tatu, ila ni mwembamba na mlegevu, kwa sababu presha huku ni ndogo. Vena za miguu zina milango midogo inayoruhusu damu ipande lakini inaizuia isirudi chini. Ukitembea, misuli ya miguu inazibana vena na kuipandisha damu. Ndiyo maana mtu anayesimama kutwa nzima dukani bila kutembea anavimba miguu jioni. Akina mama wa sokoni, tembeeni kidogo, chezesheni vifundo vya miguu.

PRESHA INAVYOUHARIBU UKUTA

Sasa turudi kwa mama yetu. Presha ikikaa juu mwezi baada ya mwezi, kunatokea nini ukutani?

Kwanza, utando wa ndani unachoka. Unapunguza ile hewa ya kulegeza. Mshipa unabaki umekaza, na presha inazidi kupanda.

Pili, katika ateri kubwa, mafuta ya damu yanaanza kupenya chini ya utando ulioharibika na kukaa pale. Mwili unatuma askari wake kuyaondoa, lakini wengi wao wanafia hapo hapo na kuwa sehemu ya lile rundo. Mwaka hata mwaka rundo linakua kuelekea ndani, na njia inakuwa nyembamba. Siku rundo likipasuka, damu inaganda juu yake na kuziba njia. Ikiwa ni ateri ya moyo, ni shtuko la moyo. Ikiwa ni ya ubongo, ni kiharusi.

Tatu, zile ateri ndogo za misuli zinajaribu kujilinda. Mtu akibeba mizigo kila siku mabega yake yananenepa, si ndiyo? Misuli ya ukuta nayo inanenepa kwa sababu ya mzigo wa presha. Lakini inanenepa kwa kula nafasi ya damu. Halafu inakuwa ngumu. Mfereji uliokuwa unafunguka na kufungwa umeshika kutu. Sasa presha inazidi tena. Ni mduara mbaya unaojizungusha wenyewe.

Nne, mahali ambapo ukuta mdogo umedhoofika sana, unaweza kupasuka. Katika ubongo hiyo ni aina nyingine ya kiharusi.

Tazameni viungo vinavyoumia zaidi. Ni vile vinavyotegemea mishipa midogo. Kila figo ina vichujio karibu milioni moja, na kila kichujio ni fundo la kapilari. Macho nayo yana vijishipa vyembamba nyuma ya jicho. Mtaalamu akimulika ndani ya jicho lako kwa kifaa chake, hapo ndipo mahali ambapo anaweza kuviona vijishipa vyako bila kukupasua. Akiviona vimeharibika jichoni, anajua kwamba huenda figo na ubongo navyo vinaumia.

Na si presha peke yake. Moshi wa tumbaku unaudhuru utando ule ule. Ugonjwa wa sukari vilevile. Mtu mwenye presha, mwenye sukari, tena anavuta sigara, anaupiga ukuta mmoja kwa nyundo tatu.

MBONA HAIUMI?

Sasa naweza kumjibu yule mama. Haiumi kwa sababu uharibifu unafanyika mahali padogo sana, polepole sana, na utando wa ndani hauna njia ya kupiga kelele ya maumivu. Mchwa wakiingia katika nguzo ya nyumba, wewe unalala usingizi mzuri. Paa halivuji. Mlango unafungika. Siku ukisikia nguzo inalia, tayari imeliwa.

Wengi husema, "Mimi presha yangu ikipanda najua, kichwa kinauma." Ndugu zangu, msitegemee hilo. Wengi wenye presha ya juu hawasikii chochote. Njia ya kujua ni moja tu, kupima. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja.

Na kile kidonge kinafanya nini? Kuna aina kadhaa. Aina moja inazuia madini ya kalsiamu yasiingie kwa wingi katika misuli ya lile tabaka la katikati, kwa hiyo misuli inalegea na njia inapanuka. Aina nyingine inasaidia figo kutoa chumvi na maji. Lakini kidonge kinafanya kazi kikiwa mwilini tu. Kikiisha, misuli inajikaza tena. Ni kama kupalilia. Hupalilii mara moja ukasema shamba limepona magugu. Yule mama alijisikia vizuri, na kipimo chake kilikuwa kizuri, kwa sababu alikuwa anapalilia. Alipoacha jembe, magugu yakarudi kimya kimya.

KILICHOONEKANA KWA WATU WA HAPA KWETU

Wengine husema presha ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri, au ni wa ukoo tu. Sikilizeni habari hii. Mwaka 1990 jarida la madaktari la Uingereza lilichapa uchunguzi uliofanywa hapa Kenya na daktari Poulter na wenzake. Waliwafuata watu wa jamii ya Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa nchi kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Ukoo ni mmoja, kijiji ni kimoja. Lakini presha ya waliohamia mjini ilipanda kuliko ya waliobaki, na ilianza kupanda mapema, si baada ya miaka 20. Mkojo wao ulionyesha kwamba chumvi imezidi ukilinganisha na madini ya potasiamu, yale tunayoyapata kwa wingi katika maharagwe, mboga za majani, ndizi na viazi vitamu.

Somo ni kwamba maisha yanabadilisha ukuta wa mshipa. Na siku hizi huhitaji kupanda basi kwenda Nairobi. Mji umetufuata kijijini. Chumvi iko katika mkate, katika vibanzi, katika vile viungo vya pakiti vya kutia kwenye mchuzi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari katika vyakula vya kununua.

KAZI YA KIKUNDI

Nimeona vikundi vyenu vikijenga matangi, vikinunua viti, vikilipa karo kwa kuzungushiana pesa. Hivyo hivyo kikundi kinaweza kulinda mishipa ya wanachama wake. Napendekeza mambo matano.

1. Pimeni presha kwenye mkutano. Tangu Septemba 2023 serikali ilianza kuwapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba ya vifaa, na mashine ya presha ni kimoja cha vifaa hivyo. Mwalikeni mhudumu wa eneo lenu. Anayepimwa akae ametulia dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono uko usawa wa moyo juu ya meza. Asiwe ametoka kuvuta sigara au kunywa kahawa nusu saa iliyopita. Apimwe mara mbili.

2. Andikeni katika daftari. Kila mmoja awe na karatasi yake, na siri yake ilindwe. Kipimo kikiwa 140 kwa 90 au zaidi, na kikarudi hivyo siku nyingine, mtu huyo aende kituo cha afya. Kikiwa 180 kwa 120 au zaidi, asingojee siku nyingine, aende siku hiyo hiyo. Na mtu yeyote ambaye uso umekwenda upande, au mkono umelegea ghafla, au maneno hayatoki vizuri, apelekwe hospitali mara moja bila kujali kipimo.

3. Kila anayemeza dawa awe na mwenzake wa kumkumbusha. Asiache kwa sababu anajisikia vizuri. Kama dawa inamsumbua, kwa mfano inamvimbisha miguu au kumletea kikohozi, arudi kliniki abadilishiwe. Asiibadilishe mwenyewe nyumbani.

4. Wekeni kifuko kidogo cha dawa. Mwezi ambao mwanachama hana pesa, asikose kidonge kwa sababu ya karo. Aazimwe, alipe baadaye kama mnavyofanya kwa mbolea.

5. Badilisheni jiko pole pole. Punguzeni chumvi kidogo kidogo, ulimi utazoea. Ongezeni maharagwe, mboga na matunda ya shamba lenu. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kliniki juu ya vyakula hivi. Na kibakuli cha chumvi kiondolewe mezani, maana wengi hunyunyiza kabla hata hawajaonja.

Neno moja kwa akina mama wajawazito, na kwa waume zao. Kuna presha ya mimba, na hiyo nayo inaharibu utando ule ule wa ndani, tena kwa haraka. Mama akivimba uso na mikono, akiumwa kichwa sana, au akiona kama nyota machoni, aende hospitali saa ile ile. Nendeni kliniki zote za mimba, na kila mara mwulizeni muuguzi, "Presha yangu ni ngapi?" Ni haki yenu kuambiwa.

MWISHO

Mwandishi wa Zaburi alimshukuru Mungu kwa namna mwili wake ulivyoumbwa, na yeye hakuwa na hadubini. Sisi tumepewa kuona zaidi. Tumeona ukuta mwembamba kuliko unywele, wa safu moja ya seli, unaofanya kazi usiku na mchana bila kutuomba kitu. Kuushukuru si kwa mdomo tu. Ni kuutunza.

Yule mama sasa anatembea kwa mkongojo. Bado anahudhuria mikutano ya kikundi chake. Kitabu cha hazina ameshika mwingine, lakini yeye ndiye amepewa kazi ya kuuliza kila mtu mwanzo wa mkutano kama amemeza dawa. Anauliza polepole, na watu wanamngojea amalize. Kama kikundi chenu hakina mtu wa kuuliza swali hilo, mchagueni leo kabla hamjaondoka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni wangapi kati yetu wamepimwa presha mwaka huu? Waliobaki wamezuiwa na nini?

2. Je, kuna mtu katika kikundi au jamaa zetu aliyeacha dawa kwa sababu alijisikia vizuri? Baada ya kusoma habari ya ukuta wa mshipa, tungemweleza nini?

3. Nyumbani kwetu chumvi inaingia katika chakula kwa njia zipi? Tunaweza kupunguza ipi kuanzia wiki hii?

4. Tukianza kifuko cha dawa, kila mmoja atoe kiasi gani, na ni nani atakayekitunza?